Lucienne Aitwa na Televisheni

Saa tisa ya mchana kasoro kumi, siku ya Alhamisi, hakuna mchumba katika Kamina nzima aliyekuwa na furaha kumshinda Lucienne Mwila. Ishike vizuri saa hiyo, msomaji wangu, kwa sababu furaha yenyewe haikufika saa kumi.

Lupango, ule ua wa nyumba ya baba yake, lilijaa watu mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Televisheni ilitolewa nje, ikapandishwa juu ya meza, meza ikapandishwa juu ya matofali, na waya ukavutwa kutoka kwenye groupe, jenereta ndogo iliyokaa nyuma ya kibanda cha kusagia mahindi, maana umeme wa mji ulikuwa umekwenda kutembea tangu Jumapili bila kuaga. Wanakwaya walikaa mbele. Majirani walikaa katikati. Wale wasioalikwa walikaa kila mahali palipobaki.

Aliyekuwa akipanga viti ni papa Stanislas Nyembo mwenyewe, katekista, mkulima, mwenye mashine ya kusaga, baba ya Lucienne. Mtu huyo huyo ambaye kwa mwaka mzima hakutaka hata kusikia jina la Théo Likoke likitajwa mezani kwake.

"Mutoto ya militaire!" alikuwa akisema, huku akikata bukari, yaani ugali, kana kwamba imemkosea. "Leo baba yake iko ku base ya Kamina. Kesho banamutuma Kisangani. Kesho-kutwa banamutuma fasi yenye hata mu carte haiko. Mutoto yangu atabeba casserole ku kichwa mupaka wapi?"

Lakini Théo hakuchoka. Alikuja kuuza sura yake kanisani, benchi ya tatu, kila Jumapili. Alijifunza kusalimia kwa Kiluba, akakosea, akachekwa, akarudia. Mwaka ulipokwisha, papa Stanislas alikohoa mara mbili na kusema kwamba watu wa Likoke wanaweza kuja Jumamosi kujionyesha. Na sasa, juu ya hayo yote, mkwe mtarajiwa alikuwa ndani ya televisheni! Dereva wa treni katika mchezo mpya wa kuigiza, *Binti wa Mkuu wa Gare*, uliopigwa picha hapo hapo Kamina, kwenye stesheni na reli ambazo kila mtu anazijua. Mzee alisahau kabisa kwamba aliwahi kukataa.

"Songeni, songeni," alisema. "Ni beau-fils yangu ule. Muache bantu banyuma nabo bamuone."

Lucienne alikuwa amekaa juu ya mfuko wa mahindi, unga bado kwenye kope zake, kwa sababu alisaga mpaka dakika ya mwisho. Kando yake alikaa tantine Salomé, mdogo wa marehemu mama yake, mwanamke aliyepewa na Mungu ulimi wa kutosha watu watatu.

"Weye hata kunawa haukunawa," tantine alimwambia. "Utaangalia bwana yako mu télé na sura ya bukari?"

"Yeye haioni minyi, tantine. Ni minyi namuona."

"Ah bon. Basi mapenzi ya siku hizi ni rahisi."

Mchezo ukaanza.

Kwanza ikatokea reli, ndefu, ikimeta jua. Halafu majina ya watu. Halafu, kutoka kwenye vipaza sauti vidogo vya ile televisheni, ukatoka muziki wa piano ya umeme: noti mbili zinapanda, moja inangoja, tatu zinapanda tena haraka haraka kama mtu anayekimbilia mlango.

Kichwa cha Lucienne kiligeuka chenyewe, nyuma, kuelekea njia ya mashamba.

Aligeuka kwa sababu ameitwa.

Hapa inabidi nikuambie jambo la nyumba ile, halafu tutarudi mbele ya televisheni. Mashamba ya akina Nyembo yako mbali, upande wa njia ya Kaniama, na mahindi yakikomaa huko, mtu mzima akiingia ndani yake haonekani tena. Babu yao, aliyechoka kupaza sauti, alimpa kila mtoto mluzi wake mwenyewe. Unapewa siku ya ubatizo, unakufa nao. Mluzi aliopewa mama ya Lucienne alipoolewa humo ulizikwa pamoja naye miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo papa Stanislas hajaupiga hata kwa kusahau. Watu wa nje hawaujui mluzi wa mtu wa nyumba ile. Mtu mmoja tu hupewa: mume. Na hapewi na mke. Siku ya kupokelewa kwake, baba mkwe anamchukua nyuma ya nyumba, wawili tu, anampigia mara moja, na kuanzia hapo anaweza kumwita mke wake popote alipo, hata katikati ya kelele za mashine.

Sasa unaelewa shingo ya Lucienne ilifanya nini. Na unaelewa kwa nini, alipoirudisha mbele, hakuthubutu kumwangalia baba yake.

"Musique muzuri!" tantine Salomé alisema kwa sauti. "Lakini minyi kuko kitu sielewake mu ma film. Muntu iko peke yake mu pori, halafu piano inalia. Ule wa piano anajifichaka wapi? Mu mahindi?"

Watu wakacheka.

Kwenye televisheni akatokea Théo. Shati la dereva, kofia kidogo upande, zile kope zake ndefu zilizomfanya Lucienne kumwaga debe zima la unga siku alipomwona mara ya kwanza. Wanakwaya walipiga vigelegele. Théo akatembea juu ya reli, akafika kwenye ua wa mkuu wa gare, akasimama. Muziki ukakatika. Akakusanya midomo, akapiga mluzi.

Noti mbili zinapanda. Moja inangoja. Tatu zinakimbia.

"Eh! Eh! Mumesikia?" tantine Salomé alisimama kabisa. "Ule muntu anapiga musique ya film yake mwenyewe! Aliisikia wapi? Shiye njo tulikuwa tunaisikia, yeye alikuwa ndani! Kumbe piano ilikuwa mu mufuko yake!"

Lupango lote likaanguka kwa kicheko. Hata wanakwaya, watu wa heshima, walipiga magoti yao. Lucienne naye alifungua mdomo ili afanane na wengine. Alimtazama baba yake sasa. Papa Stanislas alikuwa amesimama kando ya meza, mkono juu ya televisheni, kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto mwenye homa. Hakucheka. Alikuwa akiangalia chini.

Halafu, ndani ya ua wa kwenye televisheni, akatoka msichana. Alikuwa Bijou, wa kule base, yule mwenye saluni ya kusuka, mrembo, tusimwonee. Bijou akaegemea mlango, akatabasamu, na yeye akajibu kwa mluzi. Noti nne za kushuka, polepole, ya mwisho chini kabisa, karibu iwe pumzi tu.

Mpaka hapo Lucienne alikuwa ameibiwa. Kuanzia hapo ilikuwa kitu kingine. Kwa sababu lile jibu halikuwa la babu. Watu wa nyumbani hujibu kwa mluzi mmoja mfupi, wote sawasawa, maana yake nakuja. Zile noti nne alizitunga Lucienne mwenyewe, wiki ya Pasaka, nyuma ya kibanda cha mashine, kwa ajili ya mtu mmoja.

Théo alikuwa amemwomba kwa miezi. Alikuwa ameona jinsi papa anavyosimama upande wa pili wa lupango, mashine inanguruma, hakuna anayesikia kitu, na Lucienne peke yake anainua kichwa. "Banakuitaka namna gani?" aliuliza. "Na minyi nataka kukuita vile." Lucienne alikataa, akakataa, halafu Pasaka ikafika na wewe unajua Pasaka inavyolegeza mioyo ya watu. Alimpa. Akamtungia na jibu. Théo akataka kulijua jibu pia, "ili siku yenye sikuoni, nijijibu minyi mwenyewe." Noti ya mwisho ikamshinda. Ikabidi Lucienne amshike mashavu kwa vidole vyake vyenye unga, ayabane mpaka midomo ikatoka nje kama ya samaki, na wakacheka, na kutoka kwenye kucheka kule likazaliwa busu lao la kwanza.

Na sasa Bijou aliipiga ile noti ya mwisho bila kosa.

Mchezo ulipokwisha majina yalipita tena. Lucienne aliyasoma yote. Lililokuja mwishoni lilisema: *Musique: Théo Likoke.*

Watu walitoka wakimpongeza papa Stanislas, wakimshika mkono, na wengi walikuwa tayari na ule mluzi mdomoni. Mwanakwaya mmoja aliupiga akivaa viatu. Mwingine akamjibu kutoka barabarani. Kila mara shingo ya Lucienne iligeuka, na kila mara aliirudisha kwa nguvu, kama mtu anayefunga mbuzi asiyetaka. Tantine Salomé ndiye aliyetoka wa mwisho, akiupiga vibaya na kujisifu.

Lupango likabaki na viti.

"Lucienne," papa alisema.

"Papa."

"Ile televisheni ilikuwa inaita nani?"

Alikuwa akikunja waya, hakumwangalia.

"Minyi, papa."

"Ni nani alimupatia?"

Angeweza kusema Théo aliusikia mwenyewe, siku moja akiwa kwenye mashine. Ingewezekana kabisa, na mzee angeshukuru kuamini.

"Ni minyi," alisema.

Papa Stanislas aliendelea kukunja waya mpaka ukaisha, akabaki ameshika duara mkononi.

"Nilikuwa nataka kumupatia minyi mwenyewe samedi, siku ya kumupokea," alisema. "Nyuma ya nyumba. Nilikuwa nafanya exercice ya muluzi kila asubui ku shamba, juu tangu ile meno ya mbele imetoka, hewa inapita pembeni. Nilisema, mukwe asikuye kucheka." Akaweka waya juu ya meza. "Basi. Njo vile."

Lucienne alipiga magoti hapo hapo, kwenye vumbi, mikono miwili mbele. Baba yake alimpita polepole, akiangalia asimkanyage vidole, akaingia nyumbani.

Afadhali angepiga kelele.

Alikuwa bado ndani ya kibanda cha mashine, akifagia unga uliokwisha kufagiwa, aliposikia pikipiki ikisimama nje na mtu akiruka kabla haijazima. Hakuhitaji kuangalia. Théo alipita kwanza nyumbani, na sauti ya papa ikasikika ikimsalimia kwa adabu zote, ikiuliza baba hajambo, mama hajambo, na kumwambia Lucienne iko ku moulin. Hakuna neno zaidi. Théo akaja akikimbia, amelivaa lile lile shati la dereva, harufu ya sabuni, meno yote nje.

"Lulu! Uliona? Ulisikia?"

"Nilisikia. Nilifikiri papa ananiita."

Théo akacheka. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

"Njo surprise yenyewe!" alisema, akiegemea nguzo. "Nilisema sitamuambia hata kidogo, asikie siku ya siku. Kamina mujima inakuita, Lulu! Ku carrefour, pale njia inakutana, bale ba pikipiki, bote: fwi-fwi, fwi, fwi-fwi-fwi! Bibi gani mu hii mji iko na musique yake?"

"Usipige ile kintu mbele yangu."

"Lulu..."

"Jina yangu Lucienne. Hii yenyewe haijagawiwa bado."

Aliweka ufagio pembeni. Alikuwa akimtafuta Théo wake katika ile sura, na mbaya ni kwamba alikuwepo, mzima, kope zote, na moyo wake mjinga ukapiga kama kawaida.

"Kaa," alisema. "Nataka kukuuliza kitu moja. Hiyo surprise, ulifikiri juu yake mbele ya kupata rôle, ao nyuma?"

"Namna gani?"

"Namna ile ile. Mbele ao nyuma?"

Théo alivuta mfuko, akakaa, akasimama tena. "Wenceslas, ule mwenye film, alikuwa natafuta dereva. Tulikuwa babili, minyi na Banza. Unamujua Banza, ule muntu analia wakati anataka, machozi inatoka kama maji ya robinet. Wenceslas alikuwa nataka kumukamata yeye. Halafu akasema, film bila musique yake haiko film, nani iko na air kidogo ya musique, kitu ya hapa, yenye bantu hawajasikia? Bote kimya. Banza na machozi yake, kimya. Basi minyi..."

"Basi weye ukatoa minyi."

"Nikapiga muluzi tu, Lulu! Ni hewa! Inatoka mu kinywa, inaenda. Wenceslas akaruka kwa kiti, akasema, weye njo dereva yangu."

"Basi haikuwa surprise. Ilikuwa ticket."

"Ilikuwa juu yetu babili! Baba yako angenikubali minyi mutupu? Leo umeona sura yake? Banasema ananiita beau-fils mbele ya chorale!"

"Alikuita beau-fils mbele ya film. Nyuma ya film alikuita namna gani?"

Théo akakumbuka. Mzee alimsalimia vizuri sana hapo mlangoni. Vizuri kupita kiasi.

"Alikasirika?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aliniuliza nani alikupatia. Nikasema minyi. Sijapata kuona papa yangu anazeeka mbele ya macho yangu, leo nimeona. Nilimukosea yeye juu ya weye, Théo. Nilifungua mulango ya nyumba yetu, nikakuingiza mbele ya saa, nikasema mu roho, haiko kitu, ule ni muntu yangu, atafunga nyuma yake. Na weye ukaita Kamina mujima mu chumba."

"Sikujua iko nguvu vile."

"Nilikuambia."

"Uliniambia ni kitu ya famille. Kila famille iko na vitu yake. Kwetu mama haruhusu muntu kukaa ku kiti ya papa, lakini muntu akikaa, hatukufe!"

Ungemsikia, msomaji wangu, ungemhurumia kidogo. Alikuwa akisema kweli. Mtoto aliyekulia kambini, kila miaka mitatu mji mwingine, nyimbo anaokota njiani na kuzitupa njiani, angejuaje kwamba kuna watu wanaokaa mahali pamoja mpaka pumzi zao zinakuwa na wenyewe? Lucienne naye alimhurumia. Karibu anyooshe mkono. Ndipo akauliza lile swali ambalo alikuwa amelikalia tangu saa tisa na dakika kumi.

"Na jibu? Bijou, nani alimufundisha?"

"Minyi. Lakini ile ni kazi, Lulu, ni scène, muluzi ikienda lazima ingine irudi..."

"Noti ya mwisho iko nguvu."

"Iko nguvu sana!" Théo alisema, amefurahi kwamba mazungumzo yameingia kwenye ufundi. "Alishindwa siku mbili muzima, Wenceslas akaanza kukasirika, mupaka nika..."

Akafunga mdomo.

Nje, mbuzi wa jirani alilia. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza mbuzi yule kwa makini kama Théo Likoke alivyomsikiliza dakika ile.

"Mupaka ukafanya nini?"

"Lulu."

"Ulimushika mashavu."

Théo aliangalia viatu vyake.

"Kwa vidole mbili," Lucienne alisema. "Vile nilikufundisha. Midomo ikatoka kama ya samaki. Mukacheka."

"Bantu balikuwa pale. Wenceslas, ule wa caméra..."

"Sikukuuliza nani alikuwa pale. Mulicheka, na kisha?"

"Ilikuwa mara moja," Théo alisema. "Nakuapia ku kichwa ya mama. Mara moja tu, haikuwa kitu, hata yeye alisahau."

"Yeye alisahau."

"Hata minyi!"

"Weye haukusahau. Minyi njo nilikuona mu télé. Ulimuangalia ule binti kwa mulango vile unaniangalia."

Alisema hayo bila kupaza sauti. Théo akaja mbele, akapiga magoti kwenye unga, suruali ya dereva ikawa nyeupe, akamshika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa na joto, kama siku zote. Lucienne hakuivuta. Alitaka kujua kama ataweza kuiacha ikiwa bado imemshika.

"Pardon," Théo alisema. "Pardon, bolingo, mupenzi yangu. Nitaenda kwa Wenceslas leo leo, nitamuambia atoe ile musique. Bijou sitamuona tena. Lakini samedi, Lulu, usiniharibie samedi. Mama amesha kushona robe. Tantine yangu anapanda train ku Bukama na samaki ya kuletea papa yako. Nitabaambia nini?"

"Baambie ile kweli. Haiko mingi."

"Basi sema vile iko! Sema tangu mwanzo mulikuwa munanitafutia sababu. Mutoto ya militaire!"

Hapo Lucienne akaivuta mikono.

"Papa yangu aliogopa kitu moja tu," alisema. "Aliogopa utanibeba mbali. Haukunibeba mbali, Théo. Ulinigawa hapa hapa."

Théo alikuwa na jibu. Lilifika mpaka kwenye midomo, kwa sababu kinywa chake hakikuwahi kukosa kitu. Lakini wakati huo mama mmoja alikuwa akipita barabarani na beseni la makaa kichwani, mtu ambaye hata lupango lile halijui, akitembea zake, akipiga mluzi ili njia iwe fupi. Noti mbili, moja, tatu.

Shingo ya Lucienne ikageuka.

Hakutaka. Uso wake wote ulikuwa kwa Théo, umekaza, machozi yamefika ukingoni, na ile shingo ikaenda yenyewe upande wa barabara kama mtoto anayeitwa na mama yake. Akairudisha. Yule mama akaanza upya. Ikageuka tena.

Théo aliona. Mara ya kwanza tangu Pasaka, aliona ni kitu gani alichokuwa amepewa. Akasimama taratibu, akaangalia barabara, akaangalia shingo ile aliyoipenda, na rangi ikatoka usoni pake. Alitingisha unga kwenye magoti, akatoka, akasukuma pikipiki kwa miguu mpaka mwisho wa avenue kabla ya kuiwasha.

Na mama wa makaa hakuwa peke yake. Jua lilikuwa bado juu, watu walikuwa wakirudi sokoni, na mluzi ulikuwa mpya na mtamu, wa bure. Ulipigwa upande wa gare. Ulipigwa karibu na kanisa. Ulipigwa na fundi wa baiskeli kando ya ukuta, aliyeukosea mwanzo na kuurudia mpaka ukakaa sawa. Lucienne alisimama katikati ya kibanda, akiitwa na mji mzima, hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtaka.

Akaufunga mkanda wa mashine, akashika mkono wa kuwashia, akazungusha.

Mashine ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Bati zikatetemeka. Hakukuwa na hata punje moja ndani. Jiwe lilikuwa linasaga jiwe, sauti kavu mbaya ambayo papa Stanislas alikuwa amewakataza wanawe wote tangu wadogo, kwa sababu mashine inayozunguka tupu inajila yenyewe. Lucienne aliegemeza mgongo ukutani, akafumba macho, akaacha ile kelele, ambayo hata mluzi haupenyi, imfunike. Ndipo akalia, kwa sauti yote, akijua hakuna atakayesikia.

Alipofumbua macho baba yake alikuwa mlangoni.

Lucienne alitegemea aende moja kwa moja kuizima mashine. Papa Stanislas aliitazama mashine, akamtazama binti yake. Akakaribia. Akainama, akaweka mdomo karibu kabisa na sikio lake.

"Samedi?" alipaza sauti.

Jumamosi ilikwisha kutangazwa kanisani. Mbuzi alikwisha kununuliwa, viti vimekwisha kuombwa kwa watu, na tantine Salomé alikwisha kuwaambia hata wasiotaka kujua. Mzee alikuwa akiyajua yote hayo alipouliza, na uso wake haukumsaidia upande wowote.

Lucienne alitikisa kichwa. Hapana.

Baba akaonyesha kwa kidole, upande alikoondoka Théo, halafu akafungua mkono: na yeye, bado unamtaka?

Alifikiri juu ya zile kope. Alifikiri juu ya vidole viwili kwenye mashavu ya mtu mwingine. Akatikisa tena, na safari hii ilimuuma mpaka kwenye meno.

Papa Stanislas alisimama kitambo, mikono kiunoni, kama anayepima mvua. Kisha akaenda kwenye kona, akafungua mfuko wa mahindi yake mwenyewe, yale aliyoyaweka kwa ajili ya wageni wa Jumamosi, akajaza debe, akalibeba begani, akamimina lote kwenye kinywa cha mashine. Sauti kavu ikakata. Ikawa nzito, laini, ile ya kila siku.

Unga ukaanza kushuka chini, na mfuko wa kuupokea ulikuwa bado umekunjwa. Mzee akamnyooshea mkono kumharakisha. Lucienne akafuta pua kwa kiganja, akachuchumaa, akaufungua mfuko, akaushika kwa mikono miwili chini ya mashine.

Baba yake alikuwa tayari amerudi kujaza debe la pili.